Tuta la Bombani

Mwaka 1995 nilihamishwa kikazi kutoka Tanga kwenda Dodoma, nikapanga chumba mtaa wa Bombani kwa mjane mmoja wa Kigogo aliyeitwa Loisi. Majirani walimwita Mama Devota, kwa jina la binti yake aliyekuwa muuguzi hospitali ya Mvumi. Nami nikamwita hivyo hivyo. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi yaliyopigwa lipu, na marehemu mumewe, Bartolomayo, fundi wa reli, ndiye aliyeijenga. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliniitikia marahaba bila kuinua macho kwenye mtama aliokuwa anapepeta.

Nyuma ya ua wake kulikuwa na tuta kubwa la udongo na mawe, limepita paa kwa urefu. Majani yalikuwa yameota ubavuni na njia ya miguu ilipanda hadi juu, ikateremka upande wa pili. Nilidhani ni kilima. Loisi alicheka aliposikia.

"Kilima gani, Miriam? Hilo limeletwa na mashine. Mimi nilikuwa binti mkubwa, karibu kuolewa."

Kwa siku nyingi, kidogo kidogo, alinieleza. Zamani hapakuwa na mitaa miwili. Kulikuwa na mmoja tu, na korongo lilipita katikati yake. Kiangazi korongo lilikuwa mchanga mtupu. Watu walifukua wakapata maji ya kunywa, wao na ng'ombe wao. Mvua zikinyesha, lilijaa ghafla, likakimbia hadi kwenye reli na kula kokoto chini ya mataruma yanayobeba vyuma. Treni ya kwenda Kigoma ilikuwa ikilala stesheni kungoja njia itengenezwe.

Basi mwaka 1955 serikali ya Waingereza ikaleta mashine na vibarua. Wakapigilia vigingi, wakafunga kamba, wakajaza tuta ili maji yageuke yaende magharibi kwa mfereji, mbali na reli. Mwaka huo huo likafika bomba la maji kutoka visima vya kaskazini ya mji. Mabomba ya umma yakawekwa chini ya tuta, upande wa stesheni. Upande huo ukaitwa Bombani. Upande wa pili haukupewa jina na mtu yeyote mwenye kalamu, kwa hiyo ukaitwa Nyuma ya Tuta.

"Kamba ilipita kati ya nyumba ya baba na zizi lake," Loisi alisema. "Nyumba ikabaki kule, zizi likabaki huku. Waliochora hawakuwa na ubaya na mtu. Walikuwa wanatazama reli."

Mfereji ulifanya kazi miaka michache, kisha ukajaa mchanga. Waingereza wakaondoka, na waliokuja baada yao hawakuuzibua. Tangu hapo maji ya mvua yalifika kwenye tuta yakakosa pa kwenda, yakasimama kwenye nyumba za watu. Nyuma ya Tuta palinuka tope, mbu walikuwa wengi na watoto waliumwa homa kila mwaka. Bombani palikauka vizuri. Nyumba za kudumu zikajengwa, zahanati ikaja, shule ikaja. Wanawake wa upande wa pili walipanda tuta na ndoo kufuata maji, na bombani walipanga mstari wao peke yao, wakichota baada ya wenyeji kumaliza. Loisi alinieleza hilo kama anavyoeleza kwamba kiangazi ni kirefu.

Yeye aliolewa Bombani. Mdogo wake, Filipo, alirithi tembe, nyumba ya udongo ya baba yao, Nyuma ya Tuta.

Nilimwona Filipo kwa mara ya kwanza katika mvua za mwanzo wa 1996. Alishuka ile njia ya tuta akiwa na mkewe Yudith, godoro kichwani, mbuzi wawili wakimfuata. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti hata jua likiwa kali. Loisi alitandika chumba cha mbele bila kuuliza kitu. Nikafahamu kwamba jambo hili lilikuwa la kila msimu wenye mvua nzuri. Maji yanaingia kwa Filipo, Filipo anahamia kwa dada yake, maji yakikauka anarudi kupiga udongo ukuta upya.

Alikaa majuma mawili hivi. Wakati wa kula alinawa, akakata tonge la ugali wa uwele, akachovya kwenye mlenda mara chache, akaondoa mkono.

"Ongeza, Filipo," Loisi alimwambia kila siku.

"Nimeshiba, dada."

Hakuwa ameshiba. Yudith alikuwa akimchomea mahindi nyuma ya jiko, Loisi asione.

Katika miaka hiyo mambo ya biashara yalikuwa yamefunguliwa. Juu ya tuta palikuwa pameota vibanda vya mitumba, vinyozi na wauza betri, kwa kuwa pale juu hapakuwa na mwenyewe. Nafaka, ambayo zamani ilinunuliwa na shirika la umma peke yake, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye lori. Mmoja wao alikuwa Wambura, mtu wa Tarime, aliyekuwa mtunza ghala wa shirika hilo hadi walipopunguzwa kazi. Alichukua kiinua mgongo chake, akaanza kuleta mahindi na alizeti kutoka Chemba. Alipata eneo kubwa Nyuma ya Tuta, mahali ambapo ardhi ilikuwa rahisi kwa sababu ya maji, akajenga ghala juu ya msingi mrefu wa mawe. Tatizo lake lilikuwa njia. Malori yalizunguka mbali sana kufika stesheni, wakati stesheni ilionekana kutoka mlangoni kwake, juu ya vichwa vya wauza mitumba.

Akaomba tuta likatwe.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, Jumamosi asubuhi. Mitaa yote miwili ilikuja. Mwenyekiti alimpa Wambura nafasi, naye akazungumza kwa adabu. Alisema atakata uwazi wa kupitisha lori, ataweka kalavati chini yake ili maji yapite kwa mpango hadi kwenye mtaro wa reli, na njia itakuwa ya wote.

"Kalavati litatangulia au njia itatangulia?" mzee mmoja wa Bombani aliuliza.

"Vitakwenda pamoja," Wambura alisema, na nadhani aliamini hivyo.

Loisi alisimama. Hakuwa msemaji wa mikutano.

"Maji yakipata tundu hayataulizia kalavati," alisema. "Nyumba zetu ni za udongo. Tuta likae."

Watu wa Bombani walipiga makofi. Kisha akasimama Filipo, na watu wakainua shingo, kwa kuwa wengi walijua ni ndugu.

"Mimi naunga mkono likatwe," alisema, akakaa.

Wakati wa kurudi, Loisi alitembea mbele na Filipo nyuma kidogo, kama walivyozoea. Chini ya tuta waliagana kwa Kigogo, kwa upole, kama hakuna lililotokea. Mimi nilidhani limeisha.

Kibali kilipatikana. Mwezi wa kumi 1996 tingatinga lilikuja, na wanafunzi walitoroka darasani kulitazama. Vibanda vilihamishwa. Tuta, lililosimama tangu Loisi akiwa binti, lilifunguka kwa siku mbili tu, na udongo wa ndani ulikuwa mwekundu, mkavu kabisa. Wanawake wa Nyuma ya Tuta walipita kwenye uwazi na ndoo zao wakiimba, wakaenda bombani na kurudi, wengine bila haja ya maji. Yudith alikuwa miongoni mwao. Nilimwona amevua kandambili, anatembea peku katikati ya njia mpya.

Mvua za msimu ule zilikuwa haba. Maji machache yaliyokuja yalipita kwenye uwazi, yakatawanyika barabarani, yakakauka. Mapete ya zege ya kalavati yaliletwa na lori yakalazwa kando ya njia. Fundi alisema atayaweka baada ya mavuno, na baada ya mavuno malori yakawa mengi mno kwa njia kufungwa.

Nyuma ya Tuta palibadilika mbele ya macho yetu. Mama lishe walifuata madereva, mafundi baiskeli wakafuata mama lishe, na mtu mmoja akaleta mashine ya kukamua alizeti iliyovuma mchana kutwa. Filipo aliajiriwa na Wambura kusimamia wapakiaji. Katikati ya 1997 aliibomoa tembe ya baba yake, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma kwenye msingi wa mawe, na bati juu. Alimwalika dada yake aje aione. Loisi alikwenda na kuku mkononi, nami nikamsindikiza. Alipita chumba hadi chumba, akagusa kuta, akasema ni nzuri. Siku hiyo ndiyo niliyomwona Filipo akila hadi akajilamba vidole.

Mwishoni mwa mwaka huo zikaja mvua za Elnino.

Sikuwahi kuona mvua za namna ile Dodoma, na wenyeji pia hawakuwahi. Juma la kwanza maji yalipita kwenye uwazi kama kijito na watoto walichezea. Juma la pili yalifika magotini, yakaanza kumega kingo. Uwazi ukapanuka. Malori yakaacha kupita. Mtaro wa reli ulijaa, ukarudisha maji nyuma, na nyumba za kwanza za Bombani zikaanza kuloa kwa chini. Uliweza kuona mstari wa unyevu ukipanda ukutani kama chai kwenye andazi.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imepungua kidogo, Loisi alijifunga khanga mbili akaniambia, "Twende." Tukapanda tuta kwa njia ya zamani. Juu ya ukingo wa uwazi walikuwa wamesimama watu wengi wa mitaa yote, kila kundi upande wake, wakitazama maji. Filipo alikuwa ng'ambo, na wapakiaji wake. Nyuma yao kulikuwa na rundo la magunia matupu ya ghala. Mchanga ulikuwa kila mahali. Kila mtu pale aliona kinachoweza kufanyika.

Loisi alimwita kwa Kigogo. Baadaye nilielezwa maana yake: alisema, "Mdogo wangu, zibeni. Zibeni hata kwa juma moja, tutoe vitu."

Filipo alijibu, lakini kwa Kiswahili. Nadhani alitaka wote wasikie, wapakiaji ambao wengi hawakuwa Wagogo, na sisi pia.

"Tukiziba, yanarudi kwetu."

"Kwako msingi ni wa mawe," Loisi alisema, naye sasa kwa Kiswahili.

"Kwangu, ndiyo. Kwa hawa?" Alionyesha nyumba za chini nyuma yake. "Dada, maji haya yamelala kwetu tangu mimi mtoto. Ulikuwa unayaona kutoka hapa juu. Uliwahi kuja kusema tuta litobolewe? Hata siku moja?"

"Nilikupokea. Kila mwaka nilikupokea nyumbani kwangu."

"Ulinipokea." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Unajua kupokewa? Mtu mzima, na mke wake, na godoro kichwani, watu wa Bombani wamekaa vibarazani wanahesabu mbuzi wake? Kaa nyumbani kwako, dada. Leo ni zamu yenu."

Mmoja wa wapakiaji alicheka kidogo, kisha akaacha. Loisi alisimama mahali pale, mvua ikimtiririka usoni, akimtazama mdogo wake kana kwamba anangoja amalize, ingawa alikuwa amemaliza. Halafu akageuka. Wakati wa kushuka aliteleza, nikamshika mkono. Hakulia.

Mchana huo tulitoa tulichoweza: magunia ya mtama, cherehani, kitanda cha Bartolomayo kilichotengenezwa karakana ya reli. Saa tisa ukuta wa jiko ulilala chini taratibu, bila kishindo, kama mtu aliyechoka. Chumba changu kilifuata, kisha paa lote likakaa juu ya udongo wake. Mtaani kote zilianguka nyumba nyingi. Tunashukuru ilikuwa mchana na hakuna aliyekufa.

Filipo alikuja kabla ya jioni, maji yakiwa kiunoni, koti lake likielea. Alimkuta dada yake amekaa juu ya kitanda, kwenye kibaraza cha zahanati.

"Dada, twende nyumbani."

Loisi alitazama pembeni. Filipo akarudi alikotoka, maji yakimdondoka.

Waliobomokewa nyumba walihifadhiwa katika ukumbi wa kanisa. Kila siku adhuhuri Filipo alileta chakula, ugali na mlenda kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Loisi alikula, kwa sababu chakula hakitupwi, lakini hakumjibu salamu. Mvua zilipokatika, Devota alikuja kumchukua akampeleka Mvumi. Mimi nilipata chumba Mkonze, nikawa naamka alfajiri kuwahi kazini.

Kalavati liliwekwa mwaka 1998, kiangazi. Wambura aliposimama kwenye mkutano wa pili alisema alikuwa amechelewa na kwamba anajua. Aliwapa wa Bombani mabati, wengine wakayapokea, wengine wakayakataa. Wengi walishapoteza hamu ya kukaa pale. Viwanja vikaanza kununuliwa na wenye maghala, na mahali palipokuwa na vibaraza pakaota kuta ndefu zenye mageti ya chuma. Wapangaji kama mimi walihamia upande wa pili, ambako sasa palikuwa na umeme. Mabomba ya umma yalivunjwa. Watu walianza kuuita mtaa wote Maghalani, kutoka reli hadi mwisho wa ghala la Wambura, na vijana waliokuja kutoka Singida na Kondoa kutafuta kazi hawakujua kwamba ilikuwa mitaa miwili.

Kiwanja cha Loisi kilibaki wazi. Hakukiuza.

Jumapili moja ya mwaka 1999 Filipo alinifuata Mkonze. Nilishangaa, maana hatukuwa na mazoea. Alikuwa amekuja na pikapu ya kazini.

"Naenda Mvumi kwa dada," alisema. "Nikienda peke yangu anaweza asitoke nje. Wewe alikupenda."

Tulimkuta Loisi uani kwa Devota, nyumba za wauguzi karibu na hospitali, anaanika karanga. Alikuwa amepungua. Aliniitikia salamu kwa furaha, akanikumbatia, kisha akamwonyesha mdogo wake kigoda kwa kidevu. Filipo hakukaa.

Safari hii alianza kwa Kigogo. Devota, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake, alinieleza baadaye tulipokuwa tukichota maji ya chai.

Filipo alisema: "Sikuja kwa ajili ya tuta. Tuta ningelikata tena kesho. Nimekuja kwa sababu ya yale niliyokuambia kwa Kiswahili."

Loisi aliendelea kugeuza karanga. Akasema, "Ningeyasikia hata kwa Kigogo."

"Najua."

"Ungeniambia miaka ile, ukiwa chumba cha mbele. Tukiwa wawili."

"Ningekuambia nini, dada? Nilikuwa nimelala kwako."

Hapo Loisi aliweka ungo chini. Alimtazama kuanzia viatuni hadi kwenye lile koti, na Devota anasema ndipo alipogundua mama yake analia, kwa sababu alikuwa anapangusa mashavu kwa mkono wenye maganda ya karanga.

"Sikuwahi kufikiria," alisema. "Nilidhani unakula kidogo."

Filipo akakaa kwenye kigoda. Chai ilipoletwa waliongea habari za mtu aliyeoa.

Alikataa kwenda kuishi kwa Filipo, ingawa chumba kilikuwepo. "Nimeshaona kupokewa," alisema, na Filipo hakubisha. Alitaka nyumba yake, kwenye kiwanja chake, katikati ya maghala. Devota alimwambia mahali pale si pa kuishi mtu tena, ni malori matupu. Mama yake alimjibu kwamba malori yanaendeshwa na watu, na watu wanakula.

Ujenzi ulianza mwezi wa saba. Nilikuwa napita jioni nikitoka kazini. Filipo alileta mawe ya msingi kwa pikapu, na wapakiaji wawili wa kumsaidia. Msingi ulipofika magotini fundi alisema unatosha.

"Ongeza," Loisi alisema.

"Dada, kalavati lipo. Maji hayaji tena."

"Ongeza, Filipo."

"Utapandaje ngazi zote hizo na miguu yako?"

"Nitapanda polepole. Wewe leta mawe."

Filipo alivua koti, akalitundika kwenye geti la jirani, akaenda kuwasha gari.